Mgonjwa Huyu Lazima Aulizwe

Shangazi, mume wangu ana saratani ya kongosho iliyokwisha kusambaa, na madaktari wamesema amebakiza miezi michache. Anateseka mno, na mwezi uliopita alisema amechoka kuwa mzigo. Nimesoma kwamba Uswisi huwapokea hata wageni wanaotaka kusaidiwa kufa, nami nimeanza kuandaa safari, lakini mama mkwe anapinga na amehamia kwangu kabisa. Usiku kucha hukaa kando ya kitanda akimlowesha mwanawe midomo kwa pamba, jambo ambalo naona linarefusha mateso tu. Juzi mume wangu aliuliza matokeo ya mpira, na mama akamsimulia bao kwa bao kana kwamba nyumba hii haina msiba. Hata hati za nyumba bado hazijakamilika. Nimwambieje mama huyu aondoke?

JIBU

Pole sana, binti yangu. Kuuguza ni kazi inayomla mtu mwili na akili, na sina shaka kwamba wewe mwenyewe hujalala usingizi wa maana kwa muda mrefu.

Barua yako nimeisoma mara tatu nikitafuta sauti ya mumeo, na nimeiona mahali pawili tu. Alisema amechoka kuwa mzigo, kisha akauliza matokeo ya mpira. Hayo mengine yote, yaani Uswisi, safari, mateso yanayorefushwa, ni maneno yako. Anayesema amechoka kuwa mzigo hajasema kwamba anataka kufa. Huenda anakuuliza, kwa njia ya mzunguko ambayo wanaume wengi huitumia, kama bado unamtaka hapo kitandani. Je, ulimjibu nini siku hiyo? Hukuandika, nami nachelea kwamba ulinyamaza.

Wahenga walisema mgonjwa haulizwi uji. Katika jambo hili msemo huo haufai hata kidogo, na hata nchi zilizoruhusu kusaidiwa kufa zimejenga sheria zake juu ya ombi la mgonjwa mwenyewe. Katika jimbo la Oregon, Marekani, ambako sheria hiyo inatumika tangu 1997, mgonjwa lazima awe na akili timamu, aombe mwenyewe kwa mdomo na kwa maandishi, na madaktari wawili wathibitishe kwamba hatarajiwi kuishi zaidi ya miezi 6. Kati ya mashahidi wawili wa ombi lake la maandishi, angalau mmoja asiwe ndugu wala mrithi. Unadhani sharti hilo waliliweka kwa nini? Hiyo Uswisi unayoitaja nayo, tangu 1942, humwadhibu mtu anayemsaidia mwenziwe kujiua kwa sababu za ubinafsi, na tendo la mwisho ni lazima alifanye mgonjwa kwa mkono wake. Sikushtaki, binti yangu, lakini wewe ndiwe uliyeziweka hati za nyumba ndani ya barua inayohusu kifo cha mumeo, na mstari huo umenikosesha raha.

Sisemi kwamba kila anayeomba kusaidiwa kufa amesukumwa. Wapo wanaoomba wakiwa na akili zao zote, baada ya kufikiri kwa muda mrefu, na huko Oregon sababu wanazozitaja zaidi ni kupoteza uwezo wa kujiamulia na wa kufanya yale yanayowapa raha, kuliko hata maumivu. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake, kwa hiyo watu hao siwahukumu. Ninalolikataa ni mtu mwingine kulalia kitanda chake mwenyewe, kisha akahesabu kunguni wa mwenzake.

Umeandika kwamba anateseka, lakini hukutaja dawa ya maumivu hata moja. Anapewa mofini? Kwa kiasi gani, na kwa saa zilizopangwa au anasubiri mpaka alie? Saratani ya kongosho huuma vibaya, tumboni na mgongoni, lakini mara nyingi maumivu hayo hupunguzwa sana na wataalamu wa tiba shufaa, ambao kazi yao hasa ni hiyo, pamoja na kuitibu sonona inayomfanya mgonjwa ajione mzigo. Watafute kesho, kabla hujagusa tena habari ya safari.

Mama mkwe asiondoke. Pamba ile hairefushi uhai hata kwa saa moja. Inamwondolea mwanawe kiu ya midomo, na wauguzi wa wagonjwa mahututi hufanya vivyo hivyo. Mama huyo ameelewa kwamba anayeuliza habari za mpira bado yumo miongoni mwa walio hai, na anastahili kujibiwa. Mpe zamu ya usiku, nawe ulale. Uchovu wako ukubali kwa jina lake, umwambie hata yeye, kwa maana ndoa za siku hizi zimejaa watu wanaoona haya kusema wamechoka, kisha wanayatafutia machovu yao majina mazuri.

Ukishalala, keti karibu na mumeo akiwa ametulia baada ya dawa, umuulize: ulipoitaja habari ya mzigo, ulitaka kuniambia nini? Kisha nyamaza, hata akikawia kujibu. Ukiniandikia tena, niletee maneno yake kama alivyoyasema.