Bahari Imetulia, Ubao Hausogei

SWALI: Kiangazi bahari hutulia wiki nzima. Utabiri husema mawimbi ya nusu mita, lakini leo nateleza vizuri juu ya mawimbi kwa ubao wangu, na kesho ubao hausogei. Kwa nini?

JIBU: Usiishie kwenye kimo, tazama sekunde kati ya wimbi na wimbi. Nusu mita ya sekunde 5 imezaliwa na upepo wa karibu, haina nguvu. Ya sekunde 12 imetoka dhoruba ya mbali, nayo huinuka vizuri ikifika maji haba. Pima mwenyewe: tazama boya, anza kuhesabu muda kilele cha kwanza kikipita, simamisha cha 11 kikipita, gawanya kwa 10.

Wimbi la nusu mita huvunjika penye kina cha sentimita 65 hivi, maji ya mapajani. Bahari ikijaa sana, wimbi hilo hupita juu ya fungu la mchanga bila kuvunjika, likaja kujibwaga ufukweni. Jaribu maji yakiwa nusu, alfajiri, kabla upepo wa baharini haujaamka.

Ubao wa futi 9, mpana na mnene, ndio unaofaa. Lala pua yake ikiwa vidole viwili juu ya maji. Ukirudi nyuma zaidi mkia huzama, na wimbi dogo hivyo halikusubiri.