Hela ya jikoni inakatika kabla ya tarehe 20

Pole dada yangu. Umesema mko sita hapo Makorora, Tanga, hela ikifika tarehe 20 imekwisha, na unafikiria kukopa kikoba.

Mie ningeanza na mkaa. Huo wa kopo kila siku ukiujumlisha unapita bei ya gunia, kwa hiyo ongea na jirani mchangie gunia mgawane. Maharage yaloweke tangu usiku, uyapike na mfuniko. Yakishalainika, toa makaa mawili matatu uyazime. Kesho unawashia tena.

Kitoweo ndiko kwenye nafuu kubwa. Achana na samaki wa kuletewa mlangoni, shuka soko la samaki la Deep Sea asubuhi, na uwe unaangalia mwezi. Dagaa wanavuliwa kwa taa: usiku wa giza wanajaa na bei inalegea, mbalamwezi ikikolea wanaadimika. Basi nunua wa kutosha wakati wa giza, wachemshe kwa chumvi, uwaanike mpaka ukimvunja mmoja anakatika kwa mlio. Ukiwaunga kwa nazi hakuna atakayeuliza nyama.

Umeme, kama mmewekwa kwenye kundi la bei nafuu la matumizi madogo, jitahidini msivuke uniti 75 kwa mwezi. Nguo pigeni pasi kwa mkupuo.

Kikoba kwa ajili ya unga sikuungi mkono hata kidogo. Mkopo uwe wa biashara. Badala yake mwambie shemeji mchele, unga na mafuta vinunuliwe siku ileile ya mshahara, kabla hela haijapata kazi nyingine.