Muulize Mtoto Mwenyewe

Kuna jambo ninalolirudia kwa kila mzazi ninayemhudumia na kwa kila muuguzi mgeni anayeanza zamu nami kwenye wodi ya watoto: mtoto akishafika umri wa kwenda shule, swali la kwanza aulizwe yeye, kabla ya mzazi na kabla ya kufungua faili. Mtazame usoni, ikibidi chuchumaa, umuulize anasumbuliwa na nini. Kisha nyamaza. Hapo kwenye kunyamaza ndipo penye kazi, maana mtoto wa miaka saba huhitaji muda kuyapanga maneno yake, na mzazi aliyekaa kando huwa na haraka ya kumjibia.

Majibu hubadilika ukifanya hivyo. Mama atakwambia mtoto anaumwa tumbo tangu juzi. Mtoto atakwambia tumbo humuuma asubuhi za siku za shule, na siku za mapumziko hasikii kitu. Sasa una habari ya kufuatilia: darasani kukoje, anakaa na nani, anamwogopa nani. Nimewauguza watoto waliokuwa wakibana haja kubwa mchana kutwa kwa sababu vyoo vya shuleni havifungi mlango au wanafunzi wakubwa huwachokoza humo. Maumivu yao yalikuwa ya kweli, hawakuwa wanasingizia. Dawa ya kulainisha haja ilisaidia, lakini bila mtu mzima kwenda shuleni kuzungumza habari ya choo, tatizo lingejirudia tu.

Mwanasaikolojia wa Uswisi Jean Piaget alieleza kwamba kati ya miaka 7 na 11 hivi mtoto huanza kufikiri kwa mantiki, ila mantiki yenyewe hushikamana na vitu anavyoviona na kuvigusa. Mbele ya mgonjwa mdogo jambo hili lina uzito. Ukisema "tunakutoa damu" ukaishia hapo, anaweza kuamini kwamba damu yake itaisha. Mwonyeshe kichupa, mwekee kidole mahali itakapofika, mwambie mwili hutengeneza nyingine. Mchoree moyo au mapafu kwenye karatasi. Na umpe kazi ya kufanya: ashike pamba, ahesabu pumzi, aandike mwenyewe joto lake kwenye chati. Mtoto wa rika hili anataka sana kuona kwamba anaweza, na ugonjwa humnyang'anya hisia hiyo kuliko tunavyodhani.

Mpe pia nafasi ya kuchagua, lakini iwe ya kweli. Mkono wa kulia au wa kushoto? Ukae mwenyewe au upakatwe? Usimuulize kama anataka sindano iwapo jibu la "sitaki" hutalikubali. Wala usimwambie haiumi. Mwambie itachoma kwa muda mfupi, kisha itaisha. Mtoto aliyedanganywa mara moja hatamwamini muuguzi anayefuata.

Wazazi, nawaomba kwa moyo wote: acheni kuwatisha watoto kwa sindano. "Ukileta utundu nitamwambia nesi akuchome" ni maneno mepesi kutamka nyumbani, lakini hutugharimu siku mtoto anapougua kweli. Huficha maumivu. Husema amepona ili aruhusiwe. Nimewaona watoto wenye jeraha lililooza wakiapa kwamba hawasikii chochote, kwa hofu tu ya sisi kulisafisha.

Kuhusu maumivu, kuanzia miaka minane hivi wengi wanaweza kukupa namba kati ya 0 na 10. Walio wadogo zaidi waonyeshe picha za nyuso, kuanzia inayotabasamu hadi inayolia. Na anayecheza au aliyelala usimhesabu kuwa hana maumivu. Watoto hucheza ili wasahau, na wengine hulala kwa sababu maumivu yamewachosha.

Sasa niseme jambo linalonikera. Mtoto mchanga hupimwa uzito mara kwa mara na kadi yake hutunzwa vizuri. Akivuka miaka mitano, kadi huingia kabatini na hakuna anayempima tena mpaka augue. Mpime. Kati ya miaka 6 na kuanza kubalehe, mtoto huongezeka kimo kwa takriban sentimita 5 hadi 6 kwa mwaka na uzito kwa kilo 2 hadi 3. Alama za penseli ukutani, mara mbili kwa mwaka, zinatosha kukuonyesha kama ameacha kukua. Uzito una faida nyingine pia: dozi ya dawa za watoto, hata parasetamoli, hukokotolewa kwa kilo, kwa hiyo mwenye uzito wa karibuni mkononi anamsaidia sana anayeandika dawa. Aspirini usimpe mtoto aliye chini ya miaka 16 bila agizo la daktari, kwa sababu inahusishwa na ugonjwa wa Reye, unaoshambulia ini na ubongo.

Meno nayo. Karibu na miaka sita, magego ya kwanza ya kudumu huchomoza nyuma kabisa, nyuma ya meno yote ya utoto. Kwa kuwa hakuna jino lililong'oka kuyapisha, wazazi wengi hudhani ni ya utoto na kwamba hata yakioza yatabadilika. Hayabadiliki. Mwambie mtoto afungue kinywa, umwonyeshe kwenye kioo, umfundishe kuyafikia kwa mswaki.

Macho huelezwa kwa haraka: akisogea ubaoni, akikunja uso kutazama mbali, akishuka ghafla darasani, apimwe kabla hajaitwa mvivu. Usingizi, jumla ya saa 9 hadi 12 kwa siku kwa wa miaka 6 hadi 12, na saa 8 hadi 10 kwa wa miaka 13 hadi 18. Mazoezi, angalau dakika 60 kwa siku, na mchezo wa kukimbizana unatosha kabisa.

Dalili moja naitaja peke yake kwa sababu huwa haisemwi. Mtoto aliyekwisha kuacha kukojoa kitandani akaanza tena, huku akinywa maji kupita kawaida na kukonda, apimwe sukari siku hiyo hiyo. Kisukari cha watoto huingia hivyo. Mtoto huona aibu, hufua shuka kimyakimya, na mzazi anayemchapa kwa kukojoa huzidi kumfunga mdomo. Akichelewa hufika akitapika, akihema kwa nguvu na kupoteza fahamu.

Kwa vijana wa miaka 10 hadi 19, kanuni ni ile ile ila inahitaji kitu cha ziada: muda wa faragha. Mimi huwaeleza wazazi mapema, mbele ya kijana, ili asionekane ameomba yeye: "Vijana wote wa umri huu huzungumza nami peke yao kwa dakika chache. Nitakuita tena." Mzazi akiambiwa ni utaratibu wa wote, mara nyingi hutoka bila kinyongo. Kisha kabla ya swali lolote namweleza kijana mipaka ya siri. Atakayoniambia yatabaki baina yetu, isipokuwa nikisikia kwamba maisha yake yamo hatarini, kwamba anakusudia kumdhuru mtu, au kwamba kuna anayemdhuru yeye. Ahadi ya kutunza siri isiyo na mipaka usiitoe, kwa sababu siku utakayolazimika kuivunja utakuwa umemthibitishia kwamba watu wazima hawaaminiki.

Ninaanza na maswali mepesi. Mwaka 1988 John Goldenring na Eric Cohen walichapisha mpangilio wa maswali unaojulikana kwa kifupi kama HEADSS, na mpaka leo sijaona ulio bora zaidi kwa kazi hii: nyumbani, shule, shughuli na marafiki, ulevi na dawa za kulevya, mahusiano na ngono, mwisho huzuni na mawazo ya kujiua. Uzuri wake upo kwenye mfuatano. Ukiingia na swali la ngono unapoteza mazungumzo yote. Ukiingia na "unaishi na nani?" unapata mtu wa kuzungumza naye. Kwenye mambo mazito naanzia kwa wenzake: "Darasani kwenu kuna wanaovuta sigara? Na wewe umewahi kujaribu?"

Swali la kujiua uliza wazi, kwa maneno yake. Wengi hulikwepa wakidhani watampandikizia wazo. Sivyo. Aliyekuwa nalo hupata mahali pa kulitua. Akikubali kwamba analo, muulize kama ameshafikiria atafanyaje, usimwache peke yake, umfikishe kwa mtaalamu siku hiyo hiyo. Nyumbani, dawa na sumu zifungiwe.

Aibu huua pia kwa njia nyingine. Mvulana aliyeshikwa ghafla na maumivu ya korodani mara nyingi husema ni tumbo, hasa kama anayemuuliza ni mama au muuguzi wa kike. Korodani ikijisokota mishipa ya damu huzibwa, na nafasi kubwa ya kuiokoa ni ndani ya saa 6 tangu maumivu yaanze. Kwa hiyo wavulana waambiwe mapema, wakiwa wazima: ukisikia maumivu ya ghafla huko chini, usiku au mchana, sema hapo hapo, hakuna atakayekucheka. Na sisi wauguzi, kijana akilalamika tumbo la chini huku akitapika, muulize na habari ya korodani, kisha umwite anayestahili kumpima.

Kwa wasichana, hedhi ielezwe kabla haijafika. Matiti yakianza kuota, kwa kawaida kuna kama miaka miwili kabla ya kuvunja ungo, na huo ndio muda wa mazungumzo. Mzunguko usiotabirika katika miaka miwili mitatu ya mwanzo si ajabu. Lakini damu inayozidi siku 7, au inayojaza taulo kila saa kwa saa kadhaa mfululizo, ipelekwe hospitali. Msichana anayechoka, kuumwa kichwa na kusinzia darasani apimwe wingi wa damu. Hatakuambia mwenyewe kwamba anatokwa na damu nyingi, kwa sababu hajui nyingi ni ipi. Na kama hajapata chanjo ya HPV inayokinga saratani ya mlango wa kizazi, umri wake mzuri ni miaka 9 hadi 14, na tangu Desemba 2022 Shirika la Afya Duniani linaruhusu ratiba ya dozi moja au mbili katika umri huo. Mweleze yeye chanjo inazuia nini. Usizungumze na mama yake tu huku yeye amekunja mkono wa shati akingoja.

Nimalizie na wenye maradhi ya kudumu: pumu, kisukari, kifafa, selimundu. Hawa ndio huponyoka mikononi mwetu wakifika ujana, maana dawa huwafanya wajione tofauti na wenzao. Swali la "unatumia dawa?" hujibiwa "ndiyo" kila mara. Mimi huuliza: "Wiki iliyopita dozi ngapi zilikupita?" Swali hilo linakubali kwamba kusahau kupo, na jibu huja. Nikiambiwa tatu, namuuliza ni za saa ngapi. Zikiwa za mchana, pengine hataki kumeza mbele ya wenzake, na daktari anaweza kutafuta dawa ya asubuhi na usiku.

Wazazi, mkabidhini ugonjwa wake polepole. Miaka minane ajue jina la ugonjwa na jina la dawa. Miaka kumi na miwili ameze mwenyewe, wewe ukitazama. Miaka kumi na minne aanze kueleza mwenyewe huko kliniki jinsi wiki zake zilivyokwenda, wewe ukijaza yanayobaki. Akifika kumi na sita, mwacheni aingie kwanza peke yake, akiwa na maswali yake kwenye karatasi, ninyi mfuate baadaye. Anza kliniki ijayo, hata kama ataingia na swali moja.