Raku: amua kwanza wapi hupaki glezi

Watu wakiona vyombo vyangu vya udongo vya raku (namna ya kuchoma iliyoanzia Japani) swali huwa ni moja tu, dada hiyo glezi (ule mpako unaogeuka kama kioo ukichomwa) umenunua wapi. Na jibu langu huwa linawashangaza manake naanzia upande wa pili kabisa: kabla hujafungua kopo lolote, kaa na chombo chako ukiangalie vizuri, amua ni sehemu gani HAITAPAKWA kitu. Kwenye raku tunayochoma wengi wetu siku hizi udongo ulioachwa wazi unatoka mweusi tii, weusi wa moshi ulioingia ndani ya udongo wenyewe, na kwangu mimi hiyo ndo rangi nzuri kuliko zote na hakuna duka linaloiuza. Sasa ukishapaka glezi chombo kizima kuanzia mdomo mpaka kitako, huo weusi utapitia wapi?

Kwa wale wageni nieleze kidogo. Chombo kinachomwa mara mbili. Mara ya kwanza ni kuchoma kwa kawaida, taratibu, mpaka kama nyuzi 1000 za Selsiasi hivi, kinatoka kigumu lakini bado kinanyonya maji, hapo ndo unakipamba. Mara ya pili ndo raku yenyewe, joko (tanuri la kuchomea vyombo) dogo la gesi, sisi kwenye kikundi chetu hapa Uingereza tunatumia pipa la mafuta lililowekewa blanketi la seramiki la kuzuia joto ndani, joto linapanda haraka mpaka nyuzi 950 au 1000, glezi inayeyuka, unafungua joko unakitoa chombo kikiwa chekundu kwa koleo refu unakitumbukiza kwenye pipa lingine lenye maranda au magazeti, moto unalipuka, unafunika. Humo ndani moto unatafuta oksijeni hauipati, basi unainyang'anya mpaka ile iliyomo kwenye glezi, na kaboni inajipenyeza kwenye udongo wazi na kwenye kila ufa.

Hii ya pipa na moshi siyo ya Wajapani wa zamani, na nalisema kwa sababu watu wanaangalia video za Kyoto alafu wanashangaa mbona hakuna moshi. Kule karne ya 16 mfinyanzi Chojiro alimfinyangia Sen no Rikyu, bwana wa sherehe ya chai, mabakuli meusi na mekundu, kwa mkono bila gurudumu, na familia ya Raku bado ipo Kyoto inafanya kazi hiyo hiyo, mwaka 2019 kizazi cha 16 ndo kilipokea uongozi. Weusi wa bakuli zao unatoka kwenye glezi yenyewe, wanakitoa chombo kwenye moto na kukiacha kipoe hewani. Moshi uliletwa na mfinyanzi Mmarekani Paul Soldner huko California mwaka 1960, alikitoa chombo cha moto akakiweka kwenye majani, na kuanzia hapo Wamarekani na Waingereza wakaenda na njia yao. Zote ni raku lakini mapambo yake hayafanani, kwa hiyo jua unachoma ipi.

Kuhusu udongo sitakawia. Nunua ule wenye chembe za vigae vilivyosagwa, asilimia 20 mpaka 30, bila hivyo mshtuko wa joto utakupasulia chombo. Kuta ziwe na unene ulio sawa, na epuka kona kali.

Sasa twende kwenye mapambo yenyewe.

Njia ninayoipenda kuliko zote ni ile masking tepu ya mafundi rangi. Unafuta kwanza vumbi kwenye chombo kwa sponji lenye unyevu kidogo (na mikono iwe safi, mafuta ya mikono yanaikataa glezi, ukitoka kujipaka losheni usiguse chombo), unakiacha kikauke, unabandika tepu kwenye mistari unayotaka iwe myeusi, unapaka glezi nyeupe juu yake, alafu unaibandua tepu glezi ikiwa bado haijakauka kabisa, manake ikikauka sana kingo zinameguka. Usiweke mistari myembamba mno, glezi ikiyeyuka inasogea kidogo, mstari wa milimita 1 unaweza kumezwa wote, mimi sishuki chini ya milimita 3. Na ukishabandika kila kipande pitisha ukucha pembezoni kwa nguvu, glezi ni maji, itaingia popote palipoachia.

Ukitaka maumbo ya mviringo mviringo, majani, maua, mikunjo kama ya piko, hapo tepu haifai, tumia nta ya maji na brashi, glezi haishiki juu ya nta. Paka nta, iache ikauke, ndo upake glezi. Matone ya glezi yatabaki juu ya nta, yafute moja moja kwa sponji dogo kabla ya kuchoma, usiseme yatadondoka yenyewe, hayadondoki, yatayeyuka yaharibu weusi wako wote. Nta ina shida moja, ukikosea mstari huwezi kufuta mpaka uchome tena, kwa hiyo chora kwanza kwa penseli, penseli inaungua hata haionekani.

Njia ya tatu ni kukwaruza. Unapaka glezi, ikishakauka unachora juu yake kwa msumari au kijiti chenye ncha mpaka uone udongo, kila mkwaruzo unatoka mweusi. Ila vumbi lake usilipulize kwa mdomo, vaa barakoa, kuna vitu humo mapafu hayavitaki.

Kuhusu glezi nyeupe ya nyufa, hii ninayotumia ni ya kawaida sana kwa wafinyanzi wa huku na ukiwa na mzani unachanganya mwenyewe: kwa uzito, friti (kioo kilichosagwa kuwa unga) ya alkali 45, friti laini ya boraksi 45, kaolini (udongo mweupe) 10, alafu juu yake unaongeza oksaidi ya bati 5 ndo inayoipa weupe. Alkali ndo inaleta nyufa kwa sababu glezi yenye alkali nyingi ikipoa inasinyaa kuliko udongo ulioko chini yake, inabidi ipasuke. Ukiipaka nene nyufa zinakuwa kubwa zimeachana, ukiipaka nyembamba zinakuwa ndogo ndogo zimesongamana, kwa hiyo unene nao ni pambo, unaweza kupaka mabega ya mtungi mara tatu na tumbo mara mbili uone tofauti yake. Ukiiacha ile bati na ukaweka kaboneti ya shaba 2 au 3 unapata glezi ya shaba, ikikosa oksijeni inatoka nyekundu ya kung'aa, ikipata hewa inageuka rangi ya bahari, na chombo kimoja kinaweza kubeba zote mbili. Kobalti (madini ya kutia rangi) kidogo tu, 0.5 inatosha, inakupa buluu isiyobadilika hata moshi ufanyeje.

Ushauri wangu kwa anayeanza, usichanganye zote kwenye chombo kimoja. Chagua moja na weusi. Nyeupe na weusi peke yake inatosha kabisa, kwangu hakuna kitu kizuri kama bakuli jeupe la nyufa lenye ukanda mpana mweusi usiong'aa.

Kabla ya kuchoma, mambo mawili. La kwanza, chombo kikauke KABISA, siyo kikauke juu juu. Glezi ni maji na udongo umeyanyonya, kikiingia kwenye joko la moto na unyevu ndani mvuke unakipasua, na vipande vinaangukia vya wenzako. Viweke juu ya mfuniko wa joko wakati mzunguko wa kwanza unaendelea vipate joto taratibu. La pili, panga koleo litashika wapi. Glezi ikiwa imeyeyuka koleo linaacha alama, kwa hiyo acha sehemu ya udongo wazi ndani na nje ya mdomo, au ufanye ukanda mweusi kabisa hapo, utakuwa umeua ndege wawili kwa jiwe moja.

Glezi haikuambii nyuzi, inakuonyesha. Chungulia kwenye tundu (na miwani ya kukinga macho), utaiona inachemka kama uji wa ulezi, mapovu yanapanda na kupasuka, hapo bado. Subiri yaishe, itulie, ing'ae kama imelowa. Hapo zima gesi.

Na hapa kila pambo lina mwendo wake. Nyeupe ya nyufa ukiitoa usiikimbize kwenye pipa, iache hewani sekunde kadhaa, utasikia inaanza kulia ti ti ti, hizo ni nyufa zinafunguka, ndo uitumbukize kwenye maranda laini ili moshi uingie humo. Ukiiwahisha pipani nyufa zinafunguka baadaye moshi umeshapungua na hazitaonekana. Shaba ni kinyume chake, itoe upesi, itumbukize upesi, magazeti yawake sekunde chache funika, na usifunue. Najua hamu ya kuchungulia, lakini hewa ikiingia kikiwa bado cha moto ile nyekundu inarudi kijani mbele ya macho yako. Dakika 15 mpaka 20 wacha. Maranda kwa fundi seremala yeyote unapewa bure au kwa hela kidogo, ila omba ya mbao tupu, siyo ya mbao zilizotiwa dawa wala za plaiwudi, moshi wake ni sumu.

Kuna wasiotaka glezi hata tone. Wanasugua chombo kwa jiwe laini mpaka king'ae, wanakitoa kwenye joko kikiwa kama nyuzi 600, na kukiwekea singa za farasi juu yake, kila unywele unaungua na kuacha mstari mweusi uliojikunja vile unavyotaka wenyewe. Manyoya ya kuku yanafanya hivyo hivyo, na sukari ukiinyunyiza inaacha madoa. Ukiipenda njia hii mtafute mfinyanzi Magdalene Odundo, mzaliwa wa Nairobi, 1950, siyo mtu wa raku lakini vyombo vyake havina glezi kabisa, ni kusugua na moto tu, na weusi wake unatokana na kunyimwa oksijeni, ni elimu ile ile. Alijifunza kufinyanga kwa mkono Abuja ya zamani (siku hizi Suleja), Nigeria, kwa kina mama wafinyanzi akiwemo Ladi Kwali. Mimi nikiangalia vile vyombo naona wazi kwamba kuchezea moshi siyo jambo geni kwetu, na nawasihi mnaofinyanga huko nyumbani msidhani mpaka muwe na makopo ya glezi kutoka ng'ambo.

Usalama naurudia hata kama nachosha. Nguo za pamba, siyo nailoni, nailoni inayeyukia mwilini. Khanga na mtandio vivue, nywele zifungwe au zifunikwe kwa kitambaa cha pamba. Glavu ndefu za ngozi, viatu vya kufunika. Watoto wakae mbali na wasipewe koleo hata wakililia. Ukichanganya poda za glezi barakoa ya vumbi ile ya kweli, siyo ya kitambaa.

Alafu hivi vyombo siyo vya kulia chakula. Udongo wake haujakomaa unavuja, glezi ina nyufa na shaba inaweza kuingia kwenye chakula, hasa ukiweka kitu kikali kama ndimu au achari. Ukishakisugua masizi kwa waya ya sufuria na sabuni ya unga, kikaushe siku nzima. Kile cha shaba kiweke mbali na jua na ukipake nta juu, manake ile nyekundu inafifia na miaka, inarudi kijani polepole. Maua makavu weka tu, ila kama unataka mabichi tumbukiza glasi ya maji ndani yake, maji yasiguse chombo.