Wasomaji Wanauliza: Waifai ya ndani ya basi inategemewa kiasi gani?

SWALI: Ndugu mhariri, mimi ni mwalimu, mkazi wa Buhongwa hapa Mwanza, na kila mwezi nasafiri kwa basi kwenda Dodoma kwa ajili ya masomo ya shahada ninayoyachukua kwa masafa. Safari iliyopita niliongeza nauli ili nipande basi lililoandikwa ubavuni kwamba lina waifai, kwa kuwa saa nne asubuhi nilikuwa na jaribio la mtandaoni. Simu ilionyesha mistari yote ya waifai, lakini ukurasa wa jaribio haukufunguka tangu Shinyanga hadi Igunga. Kondakta aliniambia mbele ya abiria wenzangu kwamba simu yangu ndiyo mbovu. Je, ni kweli? Na nitajuaje kabla ya kukata tiketi kama huduma hiyo ipo?

JIBU: Mwalimu, kwa maelezo yako simu haikuwa na kosa, na inasikitisha kwamba ulijibiwa vile. Mistari uliyoiona hueleza jambo moja tu, yaani uimara wa mawasiliano kati ya simu yako na ruta, yaani kifaa cha kugawa intaneti kilichofungwa ndani ya basi, ambayo pengine ilikuwa mita tano kutoka kwenye kiti chako. Haielezi hata kidogo kama ruta yenyewe imeupata mnara ulioko nje. Ni kama nyumba yenye bomba zuri jikoni ilhali tenki la juu ya paa limekauka.

Abiria wengi hudhani basi lina intaneti ya pekee, tofauti na ile ya simu zao. Mabasi yetu mengi hayana. Fundi mmoja wa magari ya abiria hapa mjini aliwahi kunifungulia kifuniko kilicho chini ya dashibodi ili nijionee: kisanduku cheusi kinachoenea kiganjani, waya mbili zinazotoka kwenye betri, vumbi limeziba matundu ya kupitishia hewa, na ndani yake laini moja ya simu kama hiyo uliyo nayo wewe. Taa ya umeme ilikuwa ya kijani, ya mtandao ilikuwa nyekundu. Tulipoichomoa ile laini na kuiweka kwenye simu, ujumbe uliokuwa juu kabisa ulisema kifurushi kimekwisha, na tarehe yake ilikuwa ya siku kumi na moja nyuma. Siku zote hizo basi lilikuwa likipakia abiria stendi ya Nyegezi huku neno waifai likisomeka ubavuni.

Hata kifurushi kinapokuwepo, hesabu ni ngumu. Tuseme ruta imepata mkondo wa megabiti 20 kwa sekunde, ambao kwa simu ya mtu mmoja ni mwingi. Abiria 40 wakiunganisha kwa pamoja, kila mmoja anabaki na nusu megabiti, wakati simu ya video inayoonekana vizuri huhitaji angalau megabiti moja. Filamu ya saa moja kwa picha ya kawaida hula karibu gigabaiti nzima, kwa hiyo watazamaji kumi wanaweza kumaliza kifurushi cha gigabaiti kumi kabla basi halijafika mbali, na wewe mwenye jaribio ukakuta ukurasa unazunguka tu.

Kisha kuna barabara yenyewe. Basi linalokwenda kilomita 80 kwa saa, ambao ndio ukomo wa mwendo wa mabasi nchini, hupita kilomita kumi kwa muda wa dakika saba na nusu. Penye minara iliyoachana kwa umbali huo, ruta hulazimika kila mara kuuachia mmoja na kuushika mwingine, na kama mnara wa mbele umeelemewa na watu wa mji mdogo, au una teknolojia ya zamani, mawasiliano hukatika au huwa mazito. Kati ya miji ni mashamba na mbuga ambako kampuni za simu hazina wateja wengi wa kuwajengea minara ya karibukaribu, na penye milima kama pale Sekenke, baada ya Igunga, mwinuko wenyewe huweza kuyakinga mawimbi. Bodi ya basi ni bati, na vioo vyenye utando wa madini wa kuzuia jua hupunguza mawimbi zaidi. Ndiyo maana ruta yenye antena juu ya paa hufanya vizuri kuliko iliyofichwa chini ya dashibodi.

Sasa utajuaje? Usimuulize mkatisha tiketi kama waifai ipo, maana jibu ni lile lile siku zote. Muulize ruta inatumia laini ya mtandao gani, na kama unaweza kuijaribu basi likiwa bado stendi. Ukishaunganisha, fungua ukurasa ambao hujawahi kuufungua, kwa sababu ule wa jana simu inaweza kukuonyesha kutoka kwenye kumbukumbu yake. Mtandao unaosuasua Nyegezi, mjini kabisa, usiutarajie kunyooka Nzega.

Kwa jaribio lenye saa maalumu, ningekusihi usilifanyie ndani ya basi lolote. Safiri siku moja kabla, na ukishindwa, mweleze mhadhiri mapema kwa maandishi. Kwa kazi nyingine, pakua masomo ukiwa nyumbani, na weka kwenye simu laini mbili za mitandao tofauti, kwa kuwa palipo na giza la mtandao mmoja mara nyingi mwingine unashika. Tunza pia tiketi yako. Ulilipa zaidi kwa huduma iliyotangazwa na hukuipata, na hilo si jambo dogo. Mpelekee mwenye basi malalamiko kwa maandishi, na asipokusikiliza, yapeleke kwa Mamlaka ya Udhibiti Usafiri Ardhini, LATRA.

SWALI: Je, ni salama kutuma pesa nikiwa kwenye waifai ya basi? Msomaji, Nansio, Ukerewe.

JIBU: Ukituma kwa kupiga namba za menyu, zile zinazoanza na nyota, muamala haupiti kwenye waifai hata kidogo, unapita kwenye laini yako. Ukitumia programu ya benki, mawasiliano yake hufichwa kwa msimbo, lakini hakikisha jina la waifai ni lile lililobandikwa ndani ya basi, kwa kuwa mtu yeyote anaweza kuwasha hotispoti yenye jina linalofanana nalo. Ukurasa wowote unaokutaka uandike namba ya siri ya pesa ili upewe intaneti, ufunge mara moja.

SWALI: Reli ya kisasa ikifika Mwanza, tutaondokana na tatizo hili? Mfanyabiashara, Kirumba.

JIBU: Si kwa kufika kwa reli peke yake. Treni ya umeme iliyoanza kubeba abiria kati ya Dar es Salaam na Dodoma mwaka 2024 imejengwa kwa mwendo wa hadi kilomita 160 kwa saa, mara mbili ya basi, kwa hiyo minara hubadilishwa haraka zaidi, abiria ni mamia, na kwenye mahandaki kama yale ya Kilosa mawimbi ya nje hayaingii yenyewe. Huko Ulaya, treni za Thalys zilianza mwaka 2008 kuunganisha setilaiti na mitandao ya simu, na treni nyingi sasa hubeba modemu, yaani vifaa vya kupokea intaneti, kadhaa za kampuni tofauti za simu, moja ikikosa nyingine inapokea. Kipande cha Mwanza hadi Isaka, chenye kilomita 341, bado kinajengwa, na huu ndio wakati wa kupanga minara ya kandokando ya njia na nyaya za kusambaza mawimbi penye vizuizi kama mahandaki, kabla mabehewa hayajaanza kupita.