Kupanga malazi ya safari: mwezi kwanza, kitanda baadaye

Wanaoanza kazi ya kupanga safari mara nyingi huanzia pabaya. Mteja anatuma picha ya hema lenye beseni la kuogea linalotazama mbuga, nao wanapanga ratiba nzima kuifuata picha hiyo. Hema linaweza kuwa zuri kweli, na wanyama wakawa mwendo wa saa tatu kwa gari. Uliza kwanza mteja anakuja mwezi gani na anataka kuona nini, ndipo utafute kitanda kilicho karibu na wanyama hao. Ukaribu ni muhimu kwa sababu ya alfajiri: simba na chui hutembea kungali baridi, na ikifika saa nne asubuhi wengi wameshajilaza kivulini. Aliyelala mbali atakuwa bado yuko barabarani.

Serengeti ndiyo inayowachanganya wengi, maana jina ni moja lakini hifadhi ina kilomita za mraba 14,763. Kuanzia mwishoni mwa Januari hadi Machi nyumbu wako nyanda za kusini na Ndutu, wanazaa, na Februari ndiyo kilele. Nyasi za huko ni fupi, zimeota kwenye majivu ya volkano yenye madini anayoyahitaji mama anayenyonyesha. Mei na Juni makundi yanasogea magharibi, upande wa mto Grumeti. Julai hadi Oktoba wako kaskazini, Kogatende, wakivuka mto Mara na kurudi. Mvua za vuli zikianza, Novemba hivi, wanashuka tena kusini. Wanachofuata ni mvua. Ikichelewa wiki mbili tatu, nao huchelewa. Kwa hiyo usimwahidi mteja siku ya kuwaona wakivuka. Mpangie walau usiku tatu Kogatende, kwa sababu kundi linaweza kusimama ukingoni nusu siku nzima, kisha likageuka na kwenda zake.

Kama mteja ana usiku mbili tu, au tarehe zake hazilingani na mahali walipo nyumbu, mlaze Seronera, katikati ya hifadhi. Mto na miti ya pale huwabakiza simba na chui mwaka mzima. Ubaya wake ni msongamano: chui mmoja juu ya mti anaweza kuzungukwa na magari ishirini. Mwambie mapema asije akashangaa.

Kuna mtego mwingine kwenye kempu za kuhama. Kempu yenye jina lile lile inaweza kuwa Ndutu mwezi wa pili na Kogatende mwezi wa nane. Unapoomba nafasi, usiishie kwenye jina. Waandikie wakutajie itakuwa eneo gani tarehe hizo na ni kiwanja gani cha ndege kilicho karibu. Kutoka Seronera hadi Kogatende ni saa tatu hadi nne kwa gari, kwa hiyo kosa hilo linakula siku nzima ya mtu.

Ndutu ina hesabu yake. Sehemu kubwa ya malazi ya pale iko ndani ya eneo la Ngorongoro, siyo Serengeti. Mgeni anayelala Ndutu analipiwa ada za Ngorongoro, na siku akiingia Serengeti kutafuta duma analipiwa na za huko. Wapya wengi hulipia upande mmoja tu, kisha dereva anakwama getini.

Vibali vya kuingia Serengeti navyo huhesabiwa kwa saa 24. Chukua gari lililoingia geti la Naabi saa nane mchana Jumatatu kwa kibali cha siku mbili. Linatakiwa liwe limetoka kabla ya saa nane mchana Jumatano. Seronera hadi Naabi ni saa moja na zaidi hata kama hamsimami, na wageni wataomba kusimama. Ukiandika kwenye ratiba kwamba wanaondoka baada ya chakula cha mchana, pancha moja inatosha kuwatia kwenye malipo ya siku ya tatu. Andika saa nne asubuhi, na chakula wakale getini.

Kreta ya Ngorongoro inaonekana vizuri mwezi wowote. Suala ni ulale wapi. Ukingoni ni zaidi ya mita 2,200 juu ya usawa wa bahari, kwa hiyo Juni hadi Agosti usiku ni baridi kali, na ukungu wa asubuhi unaweza kuficha kila kitu. Hata hivyo mgeni wa ukingoni yuko karibu na barabara ya kushukia. Karatu, mji ulio nje ya eneo la Ngorongoro, ni nafuu na kuna joto zaidi, ila anayelala huko lazima atoke mapema ili awe Loduare, geti la kuingilia Ngorongoro, linapofunguliwa saa kumi na mbili asubuhi. Mteja anayetaka twiga, mwambie kabisa kwamba ndani ya kreta hawamo.

Tarangire ni ya kiangazi. Julai hadi Oktoba tembo hujazana kando ya mto kwa sababu maji ya kwingine yamekauka. Masika sehemu kubwa ya wanyama hutawanyika hadi nyanda za Simanjiro. Mbung'o wapo, na huvutwa na nguo za buluu iliyokoza na nyeusi. Ruaha, Katavi na Nyerere zifikirie hivyo hivyo, Juni hadi Oktoba. Aprili na Mei kempu nyingi za kusini hufungwa kwa sababu udongo mweusi ukilowa hata Landikruza inazama.

Hiyo haina maana Aprili ni mwezi wa kukataa wateja. Seronera na kreta bado zina wanyama, bei zimeshuka na magari ni machache; tatizo ni nyasi ndefu zinazomficha simba aliyelala hatua kumi tu kutoka barabarani. Mteja wa Aprili mpe dereva mzoefu, na usimpangie zaidi ya hifadhi mbili.

Kabla ya kutuma malipo ya awali, piga simu kwenye kempu uulize maswali ambayo kwenye picha hayamo: wanatoa kifungua kinywa cha kubeba kabla ya saa kumi na mbili? Maji ya moto yapo saa zote au yanaletwa kwa ndoo kwa kuagiza? Dereva analala wapi, na chakula chake nani analipa? Hili la mwisho ndilo linalosahaulika zaidi, na dereva aliyelala njaa haamki mapema kutafuta chui.