Risasi za Sarajevo: maswali yenu

Eti dogo wa miaka 19 ndo alianzisha Vita ya Kwanza ya Dunia?

Hapana bwana, yeye aliwapa wakubwa kisingizio. Gavrilo Princip alikuwa Mserbia wa Bosnia, na Bosnia ilishamezwa rasmi na Austria-Hungary mwaka 1908, sasa vijana kama yeye walitaka Waslavi wa kusini wajitawale, ndo maana 28 Juni 1914, mjini Sarajevo hukohuko Bosnia, akawaua kwa risasi mrithi wa kiti cha enzi cha Austria-Hungary, Franz Ferdinand, na mkewe Sophie.

Ni kweli Princip alikuwa anakula sandwichi gari la Franz Ferdinand lilipomfikia?

Chumvi hiyo. Ila bahati ilikuwepo, maana asubuhi mwenzake Čabrinović alirusha bomu likalipukia gari la nyuma, akameza sumu haikumuua, akajitupa mtoni, kumbe maji hayana hata kina! Baadaye Franz Ferdinand akataka kwenda kuwaona majeruhi hospitali, dereva hakuambiwa njia imebadilika, akakata kona, akaambiwa siyo huku, akasimama. Princip yuko palepale.

Mbona vita ilianza mwezi mzima baadaye?

Hapa ndo penyewe. Vienna, yaani serikali ya Austria-Hungary, kwanza waliuliza Berlin, yaani Wajerumani, wakajibiwa tupo nyuma yenu, halafu 23 Julai wakaipa Serbia barua ya masharti, masaa 48 tu. Serbia ikakubali karibu yote, ikagomea maafisa wa Austria kuja kuchunguza ndani ya nchi yake, basi 28 Julai vita ikatangazwa. Mrusi akaita jeshi kumtetea Mserbia, Mjerumani akapita Ubelgiji ili amfikie Mfaransa, na 4 Agosti Mwingereza naye kaingia. Mi naona ile barua iliandikwa ili ikataliwe.

Princip alinyongwa?

Hakuwa amefikisha 20, sheria ikamwokoa. Alifungwa miaka 20, TB ikamuua gerezani Aprili 1918.

Sisi huku yalituhusu nini?

Hayakutuhusu, tulivutwa tu. Novemba hiyohiyo ya 1914 Waingereza walishuka Tanga na askari wengi kutoka India, wakachapwa na jeshi la Mjerumani, likiongozwa na kamanda von Lettow-Vorbeck. Huyo aliendelea kuzunguka porini hadi 25 Novemba 1918, wiki mbili baada ya Ulaya kunyamaza, na wapagazi wengi wakafa kwa njaa na magonjwa. Kariakoo ya Dar unakonunua viatu, jina limetokana na Carrier Corps, yaani hao wapagazi wa Mwingereza.